Mtihani wa SAT: Namna ya Kujiandaa na Mipaka ya Maandalizi

Mtihani sanifu ni mtihani ambao watahiniwa wote huufanya kwa masharti yaleyale, kwa muda uleule na kwa kipimo kimoja cha usahihishaji, ili alama ya mwanafunzi wa shule ya mashambani huko Kansas iweze kulinganishwa na ya mwenzake wa shule ya bweni ya kifahari huko Massachusetts, ijapokuwa wawili hao hawakufuata mtaala mmoja wala kufundishwa na walimu wa aina moja. Nchini Marekani, ambako hakuna mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari unaofanana na KCSE ya Kenya au ule wa kidato cha sita unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, kazi hiyo ya kulinganisha imefanywa kwa karibu karne nzima na SAT, na tangu mwaka 1959 na mshindani wake, ACT, aliyezaliwa katika jimbo la Iowa. Tofauti hiyo ina uzito kwa yeyote anayetaka kujiandaa, kwa sababu KCSE huuliza yaliyomo katika silabasi inayojulikana na kila mwalimu, ilhali SAT haifuati silabasi ya shule yoyote: hupima usomaji, kanuni za uandishi wa Kiingereza na hisabati, kisha humwachia mtahiniwa mwenyewe kazi ya kujua aanzie wapi.

Kwa miongo mingi wenye mtihani huo walishikilia kwamba hakuna cha kujiandaa. SAT ya kwanza ilifanywa tarehe 23 Juni 1926 na watahiniwa wapatao 8,000 chini ya College Board, yaani umoja wa vyuo na shule ulioundwa karne ya 19 ikielekea kuisha ili kuondoa vurugu ya kila chuo kuwa na mtihani wake wa kuingilia. Kamati ya utunzi iliongozwa na Carl Brigham, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Princeton aliyekuwa amefanya kazi ya vipimo vya akili walivyopewa askari wa Marekani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambaye mwaka 1923 alitoa kitabu kilichodai kwamba akili hutofautiana kwa asili na taifa la mtu, dai ambalo yeye mwenyewe alilikana kwa maandishi mwaka 1930. Mtihani ulibaki na imani ya chimbuko lake hata baada ya mtunzi kuiacha: jina lake la kwanza liliutaja kuwa kipimo cha kipaji, wala si cha elimu, na kipaji kilidhaniwa kuwa kitu ambacho mtu huzaliwa nacho. James Bryant Conant, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia mwaka 1933, alipoanza kuutumia kuwatafutia ufadhili vijana wenye uwezo waliotoka nje ya familia za kitajiri za pwani ya mashariki, imani hiyo ndiyo iliyompa matumaini, kwa kuwa mtihani usioweza kuandaliwa ungekuwa pia mtihani usioweza kununuliwa.

Aliyeitikisa imani hiyo hakuwa profesa. Stanley Kaplan, mtoto wa wahamiaji aliyekuwa akifundisha tuisheni katika nyumba ya wazazi wake mtaani Brooklyn tangu mwaka 1938, aliletewa SAT na mwanafunzi mmoja mwaka 1946, akaona kwamba maswali yake yana mpangilio unaojirudia na kwamba chenye mpangilio kinafundishika. Wenye mtihani walimwona kuwa mchuuzi wa matumaini hewa hadi mwaka 1979, pale Tume ya Shirikisho ya Biashara, ambayo ilikuwa imefungua uchunguzi ili kubaini kama shule za aina hiyo zinawahadaa wateja, ilipotoa ripoti iliyokiri kwamba mafunzo yaliwapandisha alama baadhi ya wanafunzi. Mwaka huohuo jimbo la New York lilipitisha sheria iliyowalazimu watunzi kuyatoa maswali na majibu yake kwa watahiniwa baada ya mtihani. Tangu hapo siri ilikwisha. Katika miaka ya 1990 jina lenyewe lilibadilishwa ili kipaji kisitajwe tena, na baadaye College Board ikatangaza kwamba herufi hizo tatu hazisimamii neno lolote.

Kushindwa kwa dai la kwanza hakukuyafanya madai ya wauzaji wa tuisheni kuwa ya kweli, na hapa ndipo mzazi mwenye pesa na mzazi asiye nazo wanapohitaji kuambiwa jambo lilelile. Derek Briggs, mtaalamu wa upimaji wa Chuo Kikuu cha Colorado, alipopitia tafiti za miaka mingi katika ripoti aliyoiandikia jumuiya ya washauri wa udahili mwaka 2009, alihitimisha kwamba faida ya kozi za kulipia, ukiondoa mambo mengine, ni takriban alama 30 kwa jumla, katika mtihani ambao kila sehemu yake huhesabiwa kutoka 200 hadi 800. Matangazo hutaja mamia ya alama kwa sababu hulinganisha mtihani wa kwanza wa mwanafunzi na wa pili bila kuuliza angepanda kiasi gani hata kama asingelipa senti. Jibu ni kwamba wengi hupanda hata hivyo: wamekua kwa miezi kadhaa, wamesoma hisabati zaidi shuleni, na kwa mara ya pili hawakuingia ukumbini wakiwa wageni. Isitoshe, wanaojiandikisha katika kozi ghali mara nyingi ni walewale ambao wangesoma kwa bidii popote pale.

Kwa hiyo swali la maana si kama maandalizi yanasaidia, bali ni maandalizi ya namna gani, na jibu lake huanzia katika umbo la mtihani wenyewe. SAT ya mwaka 1926 ilikuwa na maswali 315 ya kujibiwa kwa dakika 97, yaani sekunde 18 au 19 kwa kila swali, kasi ambayo leo ingeonekana kuwa mateso. SAT ya sasa, iliyohamishiwa kwenye kompyuta nje ya Marekani mwezi Machi 2023 na ndani ya Marekani mwaka mmoja baadaye, ina maswali 98 ya kujibiwa kwa saa 2 na dakika 14. Sehemu ya kwanza, ya kusoma na kuandika, ina maswali 54 kwa dakika 64, na kila swali lina kifungu chake kifupi kisichozidi maneno 150; sehemu ya pili, ya hisabati, ina maswali 44 kwa dakika 70, na kikokotoo cha kuchora grafu kimewekwa ndani ya programu kwa sehemu hiyo yote. Kati ya sehemu hizo mbili kuna mapumziko ya dakika 10.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mtihani huo hujirekebisha kulingana na mtahiniwa. Kila sehemu imegawanywa katika moduli mbili, yaani mafungu mawili ya maswali yenye muda wake; moduli ya kwanza ina mchanganyiko wa maswali mepesi na magumu, na kulingana na alivyoijibu, mtahiniwa hupelekwa kwenye moduli ya pili iliyo ngumu zaidi au nyepesi zaidi. Anayepelekwa kwenye ile nyepesi hawezi kufikia alama za juu kabisa, hata akijibu kila swali lake kwa usahihi. Uzito wa kila swali hutegemea ugumu wake na sifa nyingine zinazokokotolewa kwa takwimu, ndiyo maana watahiniwa wawili waliokosa idadi ileile ya maswali wanaweza kutoka na alama tofauti. Kutokana na haya yanapatikana mashauri mawili yasiyohitaji mwalimu wa kulipwa. La kwanza ni kutoipita moduli ya kwanza kwa haraka ili kuwahi maswali magumu, kwa kuwa kosa la uzembe katika swali jepesi hugharimu zaidi ya linavyoonekana. La pili ni kutoacha swali wazi hata moja: adhabu ya jibu lisilo sahihi, ambayo hapo zamani ilikuwa robo ya alama, ilifutwa mwaka 2016, na anayeacha nafasi tupu anatupa bahati aliyopewa bure.

Ujuzi wa umbo la mtihani hupatikana kwa saa chache. Kazi kubwa ni kuyaelewa maswali jinsi yalivyotungwa, na mfano mmoja wa hisabati wa aina inayojitokeza mara kwa mara unatosha kuonyesha hilo. Tuseme fundi bomba anatoza dola 40 kwa kufika nyumbani kwa mteja, na dola 25 kwa kila saa ya kazi. Mteja amelipa dola 165. Fundi amefanya kazi kwa saa ngapi? Majibu ya kuchagua ni 3.5, 5, 6.6 na 8.2. Jibu sahihi ni 5, kwa maana dola 40 huondolewa kwanza katika 165, na zile 125 zinazobaki hugawanywa kwa 25. Lakini yale majibu mengine matatu, ambayo watunzi wa mitihani huyaita vipotoshi, hayakutupwa hapo ovyo. 6.6 ni la aliyeisahau ada ya kufika na kugawanya 165 moja kwa moja, 8.2 ni la aliyeiongeza ada hiyo badala ya kuiondoa, 3.5 ni la aliyebadilisha nafasi za 40 na 25. Kila kosa limeandaliwa mlango wake, na mwanafunzi aliyekosea hupata faraja ya uongo ya kuliona jibu lake limechapwa mbele yake.

Ndiyo maana daftari la makosa lina thamani kuliko kitabu kinene cha maswali elfu. Mwanafunzi anayefanya zoezi, akahesabu alama, akafurahi au kuhuzunika na kuendelea na zoezi lingine, amepima tu mahali aliposimama. Anayerudi kwenye kila swali alilokosa, akaandika kwa maneno yake kwa nini jibu alilolichagua lilimvutia, ataanza baada ya majuma machache kuona kwamba makosa yake si mengi kama alivyodhani, bali ni machache yanayojirudia. Mmoja huondoa ishara ya hasi njiani, mwingine hutafuta thamani ya herufi moja wakati swali liliuliza jumla ya mbili, na mwingine hujua hesabu yote ila husoma swali nusu. Makosa haya hayana tiba moja. Asiyejua kanuni lazima airudie hisabati yenyewe. Asiyesoma vizuri lazima ajizoeze kusoma mstari wa mwisho wa swali mara mbili. Aliyeishiwa na muda hahitaji kufundishwa upya, bali anahitaji kujua ni maswali gani ya kuyaruka kwanza na kuyarudia baadaye, jambo ambalo programu ya mtihani inaliruhusu ndani ya moduli husika.

Sayansi ya kumbukumbu inaiunga mkono njia hii. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, walichapisha mwaka 2006 jaribio ambalo ndani yake kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu mara nne, na kundi jingine likakisoma mara moja na kisha kujitahini mara tatu kwa kuandika waliyoyakumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya juma moja mambo yaligeuka, waliojitahini wakakumbuka asilimia 61 na wenzao asilimia 40. La kuzingatia zaidi ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka. Kurudia kusoma huleta hisia ya kujua, na hisia hiyo hupotea ukumbini, mahali ambapo hakuna kitabu. Pamoja na hilo kuna kanuni ya kuyatawanya mazoezi, inayojulikana tangu Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipotoa utafiti wake juu ya kusahau mwaka 1885, kwamba saa nne za kujifunza zilizogawanywa katika siku nane huacha alama ya kudumu kuliko saa nne za usiku mmoja wa kukesha.

Habari njema, na haifai kuipuuza, ni kwamba nyenzo bora za mazoezi hazina bei. Tangu mwaka 2015 shirika lisilo la faida la Khan Academy limekuwa likitoa, kwa ushirikiano na College Board, masomo na mazoezi ya SAT bure kwa yeyote mwenye intaneti, na programu rasmi ya mtihani, Bluebook, ina mitihani kamili ya majaribio inayofanana na ule wa kweli kwa umbo, saa na namna ya kujirekebisha. Mwaka 2017 College Board ilitangaza kwamba wanafunzi waliotumia saa 20 katika mazoezi hayo ya bure walipanda kwa wastani wa alama 115 tangu mtihani wa awali hadi SAT yenyewe. Takwimu hiyo isomwe kwa tahadhari ileile iliyotumika kwa matangazo ya kozi, kwani wasiofanya mazoezi hayo nao walipanda, ingawa kwa karibu nusu ya kiasi hicho, na anayejituma saa 20 bila kusukumwa si mwanafunzi wa kawaida. Hata hivyo, inatosha kuonyesha kwamba uwezo wa kulipa si sharti la kuanza. Kosa la kawaida ni kuila akiba hiyo upesi: mitihani rasmi ya majaribio ni michache, na anayefanya mmoja kila siku kwa juma zima atakuwa ameimaliza kabla hajajifunza kitu kutokana na wa kwanza. Mmoja wa kuanzia, ili kujua udhaifu ulipo, na mwingine kila baada ya majuma mawili au matatu ya kazi ya daftari, ni mwendo wa busara.

Upande wa kusoma ni mgumu zaidi kuharakishwa. Kanuni za uandishi zinazoulizwa ni chache na zinafundishika. Mojawapo, inayorudi karibu kila mara, ni kwamba sentensi mbili kamili za Kiingereza haziunganishwi kwa mkato peke yake. Lakini kifungu cha riwaya ya karne ya 19, au maelezo ya jaribio la kibiolojia ambayo mtahiniwa anapaswa kuyatolea hitimisho, humtaka mtu aliyezoea kusoma, na mazoea hayo hujengwa kwa miaka. Hapo zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Swali moja la SAT lililobishaniwa kwa muda mrefu lilimtaka mtahiniwa atambue kwamba mkimbiaji na marathoni wana uhusiano sawa na mpiga kasia na mashindano ya mashua, akitumia neno la Kiingereza la mashindano hayo ambalo husikika zaidi katika vilabu vya matajiri, na maswali ya namna hiyo ya kulinganisha maneno yaliondolewa mwaka 2005. Kilichobaki ni cha haki zaidi, ila bado ni mtihani wa lugha, na mwanafunzi ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu hufanya vyema akianza na kurasa chache za kusoma kila siku mwaka mzima kabla, badala ya orodha ya msamiati mwezi wa mwisho.

Hofu nayo hula alama za wanaojua. Gerardo Ramirez na Sian Beilock, walipokuwa Chuo Kikuu cha Chicago, walichapisha mwaka 2011 katika jarida la Science matokeo yaliyoonyesha kwamba wanafunzi wenye hofu ya mitihani waliopewa dakika 10 za kuandika waziwazi wasiwasi wao kabla tu ya mtihani walifanya vizuri kuliko wenzao ambao hawakufanya hivyo. Zoezi hilo halidai chochote ila kalamu na karatasi.

Pamoja na yote hayo, itakuwa dhuluma kumwambia mwanafunzi maskini kwamba daftari na bidii vinalisawazisha kila pengo. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na wanauchumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman ulionyesha kwamba watoto wa asilimia 1 ya familia tajiri zaidi za Marekani wana uwezekano mara 13 zaidi ya watoto wa familia za kipato cha chini wa kupata alama 1300 au zaidi. Pengo hilo halikuzaliwa katika kozi za majuma sita. Limetokana na shule, vitabu, makazi na utulivu wa miaka 17. Hoja ya namna hiyo ilikuwa tayari imeufanya mfumo wa Chuo Kikuu cha California uamue mwaka 2020 kuachana na SAT, wakati ambapo vyuo vingine vingi vilikuwa vimeufanya mtihani kuwa wa hiari kwa sababu ya janga la korona. Hata hivyo, MIT iliurudisha kuwa wa lazima mwezi Machi 2022, na Dartmouth na Harvard zikafuata mwaka 2024, zikitoa sababu inayostahili kufikiriwa kwa makini: mtihani ulipokuwa wa hiari, baadhi ya wanafunzi wa shule duni walizificha alama ambazo, kwa kutazamwa pamoja na mazingira yao, zingewafungulia mlango, ilhali insha zilizopigwa msasa na washauri wa kulipwa na shughuli za ziada zinazogharimu maelfu ya dola ziliendelea kuwapendelea walionazo.

Kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaotafuta ufadhili katika vyuo hivyo, suala hilo lina sura ya kalenda na ya mfuko. Msamaha wa ada ambao College Board huwapa wanafunzi maskini walioko Marekani hauwafikii wanafunzi wa Kenya au Tanzania, ambao badala yake hutozwa nyongeza ya kufanyia mtihani nje ya Marekani. Na kwa kuwa simu haikubaliwi, mtahiniwa anahitaji kompyuta ya mkononi au tableti yenye chaji ya kumfikisha mwisho, ingawa mtandao ukikatika katikati ya kazi programu huendelea, mradi urudi wakati wa kuyatuma majibu. Tarehe ya mwisho ya maombi katika vyuo vingi vyenye ushindani mkubwa ni mwanzoni mwa Januari, na mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Kenya huingia katika KCSE mwezi Oktoba na Novemba, kipindi kilekile ambacho wenzake wa Marekani wanafanya SAT kwa mara ya pili. Aliyeufanya mtihani huo mwezi Agosti au kabla yake hubaki na nafasi ya kurudia Desemba. Asiyeweza, afadhali amalize KCSE kwa utulivu, aitumie miezi inayofuata kwa maandalizi ya SAT, na kuomba katika duru ya mwaka unaofuata.